Mwamba Si Jiwe: Somo juu ya Matumbawe na Taka za Plastiki



Watu wengi wa miji yetu ya pwani wana itikadi moja ambayo hawakufundishwa na mtu wala hawakuisoma mahali, nayo ni kwamba bahari haichafuki. Bahari ni pana, maji yake ni ya chumvi, yajaa na kupwa mara mbili kila siku. Basi kitupwacho humo huwa kama kwamba hakikuwako. Katika somo hili twataka kuipima itikadi hiyo kwa kuitazama sehemu moja ya bahari iliyo karibu nasi mno, yaani mwamba. Tutaona mwamba ni kitu gani, waishi humo akina nani, na plastiki yaufanyani. Na kwa kuwa jina lenyewe la mwamba laweza kumdanganya mtu, akadhani ni jiwe kama mawe mengine, hapana budi tuanze hapo.

Mwenye kukaa katika nyumba ya kale ya Lamu, au ya Mji wa Kale wa Mombasa, amekaa ndani ya matumbawe. Kuta zake ni vipande vya matumbawe, na kilichoviunganisha ni chokaa, na chokaa hiyo nayo ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Hata ardhi iliyo chini ya nyumba ni hiyo hiyo. Kisiwa cha Mvita ni mwamba wa kale uliokuwa hai chini ya maji zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, kisha bahari ikashuka, ukabaki juu. Wareno walipoanza kuijenga ngome ya Fort Jesus mwaka 1593 waliisimamisha juu ya mwamba huo, na handaki lake walilikata ndani ya mwamba huo huo. Kwa hiyo kama wako watu wapasikao kuyajua matumbawe, basi ni sisi; na ni ajabu kuona jinsi tuyajuavyo kidogo.

Tumbawe ni kazi ya mnyama. Mnyama huyu ni mdogo, aghlabu hazidi ukubwa wa punje ya mtama au ya mahindi. Mwili wake ni laini kama ute, nao una mfano wa kifuko chenye tundu moja tu, na tundu hilo limezungukwa na vidole vidogo vya kushikia chakula. Hapo ndipo kinywani mwake, na hapo ndipo atoapo uchafu. Huchukua chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari akajijengea kikombe kigumu cha kukalia. Wanyama hawa hukaa maelfu kwa maelfu, ngozi ya mmoja imeungana na ya jirani yake; wakifa hubaki vikombe vyao, na wengine hujenga juu yake. Matumbawe makubwa ya mviringo hukua kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwaka. Mtu akikuta baharini tumbawe la namna hiyo lililolingana na kimo chake, na ajue ya kuwa lilianza kabla ya kuzaliwa babu yake, na labda kabla ya babu wa babu yake.

Ndani ya ngozi ya mnyama huyu hukaa vimea vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Vimea hivi hufanya chakula kwa nuru ya jua, kama yafanyavyo majani ya mwembe, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wao. Naye huvipa mahali pa kukaa na mabaki ya mwili wake yavifaayo kuwa mbolea. Rangi nyingi tuzionazo katika matumbawe zatokana na ushirika huu. Juu ya hayo, usiku uingiapo, mnyama hunyosha vidole vyake akakamata vijidudu vipitavyo majini. Mambo mawili basi yashikwe hapa, kwa kuwa tutayahitaji mbele: tumbawe laishi kwa nuru, na laishi kwa kinywa.

Mwamba wetu wafuata pwani tangu upande wa Vanga na Shimoni hata Malindi, mfano wa ukuta. Hukatika penye midomo ya hori na mito, kwa kuwa tumbawe halipendi maji matamu wala tope. Kaskazini ya Malindi, mto wa Sabaki na mto wa Tana humwaga tope jingi, mwamba ukapotea, hata ukaonekana tena kwa mapande upande wa Lamu na Kiunga. Mawimbi yatokayo bahari kuu huvunjika juu ya ukuta huu. Uchunguzi uliokusanya kazi za nchi nyingi, uliotolewa mwaka 2014, ulionyesha ya kuwa mwamba hupunguza nguvu za mawimbi kwa kiasi cha asilimia 97. Ndiyo sababu ndani ya mwamba mtoto aweza kuoga na mtumbwi mdogo ukapita, na huku nje pasikika ngurumo mchana na usiku.

Ama wakaazi wake, hesabu yao ni kubwa. Miamba yote ya matumbawe ya dunia haifiki asilimia 1 ya sakafu ya bahari, na juu ya hivyo kiasi cha robo ya aina za viumbe vya baharini vijulikanavyo huutegemea mwamba. Hatuwezi kuwataja wote. Na tuwachukue wachache.

Pono sote twamjua kwa usingizi, na mtu mzito wa kuamka huambiwa amelala kama pono. Sifa hiyo ni ya kweli kuliko wengi wadhanivyo. Ziko aina za pono ambazo, usiku uingiapo, hujifanyia kifuko cha ute mwembamba mwili mzima, wakalala ndani yake; na wataalamu wameona ya kuwa kifuko hicho humkinga pono na vijidudu vya kunyonya damu, sawasawa na chandarua kitukingavyo sisi na mbu. Mchana pono huyu mvivu ni fundi. Meno yake yameungana yakawa kama mdomo wa kasuku, nayo huyatumia kukwangua mwani juu ya mwamba. Hukwangua na jiwe pia, akalisaga kooni, akalitoa nyuma likiwa mchanga mweupe, na pono mkubwa aweza kutoa mchanga wa kilo mamia kwa mwaka mmoja. Wageni wajao kutandika mikeka yao katika mchanga wa pwani yetu hawaambiwi ya kuwa sehemu ya mchanga huo imekwisha kupita tumboni mwa samaki! Na lau asingekuwako wa kukwangua, mwani ungalifunika mwamba wote, na matumbawe machanga yasingalipata mahali pa kushika.

Kuna samaki mwingine mdogo, mwenye mstari mweusi ubavuni, urefu wake haupiti kiganja, na kazi yake ni kama ya kinyozi. Hukaa mahali pake pajulikanapo. Tewa mkubwa, ambaye angeweza kummeza kwa mara moja, huja akasimama mbele yake, akafunua kinywa na mashavu. Yule mdogo akaingia ndani, akamchokoa vijidudu na ngozi mbovu, kisha akatoka salama. Samaki wengine husimama kando wakingoja zamu. Sisi wenyewe hatungojeani hivyo penye gati la Likoni.

Kisha yuko kasa aitwaye ng'amba. Mdomo wake umechongoka kama wa ndege, huutia katika nyufa za mwamba akavuta sifongo, na sifongo hushindana na matumbawe kwa nafasi; basi ng'amba akila huwa amelifungulia tumbawe nafasi ya kukua. Magamba yake yalichukuliwa kutoka pwani hii tangu zamani sana. Kitabu cha biashara cha karne ya 1, kilichoandikwa kwa Kiyunani na kijulikanacho kwa jina la Periplus, chataja magamba ya kasa katika bidhaa zipatikanazo huku. Leo ng'amba ni katika viumbe vilivyo ukingoni mwa kutoweka duniani. Juu ya hawa kuna tafi na changu wa chungu chetu, kuna pweza katika mashimo, kamba, mkunga, kombe na jongoo wa pwani. Mvuvi wa mtumbwi na wa ngalawa haendi bahari kuu. Huvua ndani ya mwamba na ukingoni mwake. Mwamba ukifa, hana pengine pa kwenda.

Sasa tuje kwenye taka. Mzee wa zamani alitupa nini baharini? Alitupa makumbi ya nazi, majani ya mgomba, maganda ya muhogo, mifupa ya samaki, kikapu cha ukili kilichochakaa, kamba ya usumba iliyokatika. Havikupita miezi mingi ila viliozwa au vililiwa. Kwa hiyo hatuwezi kumlaumu. Desturi ya kutupa taka ufukweni ilikuwa na akili yake katika wakati wake. Sisi tumeishika desturi ile ile, kwa mkono ule ule, na huku kitupwacho kimebadilika. Wala hatukusimama siku moja kujiuliza kama hukumu ya kikapu cha ukili yaweza kuwa hukumu ya chupa.

Polithini, ambayo ndiyo plastiki ya mifuko, ilipatikana kwa bahati katika maabara ya kiwanda huko Uingereza mwaka 1933. Haiozi kama viozavyo vitu tuvijuavyo. Jua huikausha, wimbi huivunja, ikawa vipande, na vipande vikawa chembe, na chembe zikawa kama vumbi. Na kila punje ya vumbi hilo ni plastiki vile vile. Hesabu iliyotolewa na wataalamu wa Marekani mwaka 2017 yasema ya kuwa tangu 1950 hata 2015 wanadamu walifanya tani bilioni 8.3 za plastiki. Katika hiyo iliyokwisha kuwa taka, asilimia 9 tu ilifanywa vitu vipya, asilimia 12 ilichomwa, na asilimia 79 iko majaani au imetawanyika duniani. Hesabu nyingine, ya mwaka 2015, ilikadiria ya kuwa plastiki iliyoingia baharini kutoka nchi kavu katika mwaka mmoja tu wa 2010 ilikuwa baina ya tani milioni 4.8 na milioni 12.7.

Hesabu hizi ni kubwa hata akili haizishiki, basi na tuitazame chupa moja. Mtu hununua maji dukani, akanywa, akaitupa chupa kando ya njia. Chupa yaingia mtaroni, yakaa hapo miezi. Ikija masika, mvua husukuma vyote vilivyo mtaroni hata baharini. Na penye bamvua bahari yenyewe hupanda ikakokota yaliyolazwa ufukweni. Maji yakipwa huyachukua yote hayo nje, kupitia mlango wa Kilindini au wa Bandari ya Kale, na mbele ya milango hiyo ndipo ulipo mwamba. Mombasa, jaa la Kibarani lilikaa miaka mingi ukingoni mwa hori ya Makupa, taka zikiteremka majini zenyewe bila ya kuhitaji mtu wa kuzitupa, hata likafungwa mwishoni mwa miaka ya 2010. Mfuko mwepesi huelea kwanza. Kisha huota mwani na wadudu wa baharini, ukawa mzito, ukazama. Mahali ushukapo ndipo ianzapo khabari yetu.

Tulisema ya kuwa tumbawe laishi kwa nuru. Kati ya 2011 na 2014 kikundi cha wataalamu, kiongozi wao akiwa Joleah Lamb wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipiga mbizi katika miamba 159 ya Indonesia, Thailand, Myanmar na Australia, wakayachunguza matumbawe zaidi ya 124,000, moja moja. Waliyoyaona waliyatangaza mwaka 2018. Tumbawe lisilo na plastiki, uwezekano wake wa kuwa na maradhi ulikuwa asilimia 4. Tumbawe lililoguswa na plastiki, asilimia 89. Msomaji na arudie kuzisoma hesabu hizi mbili, kwa kuwa hatujaona katika mas'ala haya jambo lililo wazi zaidi kuliko hilo. Uchunguzi huo haukufanywa pwani ya Kenya, lakini jamii za matumbawe yaliyochunguzwa ziko hapa pia, na bahari iliyo baina yetu na Indonesia ni moja.

Sababu zake walizieleza hivi. Plastiki ikisukwasukwa na maji huikwaruza ile ngozi laini ikafanya jeraha, na jeraha ni mlango wa maradhi. Ikilifunika tumbawe hulizuilia nuru na hewa, na vimea vya ndani vikashindwa kufanya kazi yao. Tena juu ya plastiki husafiri vijidudu, ambavyo vingine ndivyo viletavyo maradhi yenyewe. Yako maradhi ambayo huonekana kama ukanda mweusi ukitambaa polepole juu ya tumbawe. Mbele ya ukanda kuna uhai, na nyuma yake hubaki chokaa tupu. Wakaona pia ya kuwa matumbawe yenye matawi hunasa plastiki mara 8 zaidi kuliko yaliyo sahili. Na katika matawi hayo ndimo samaki wachanga wajifichamo. Kwa hiyo mfuko huwa umechagua, bila ya kujua, chumba cha watoto.

Ama kinywa, khabari yake ni ya ajabu zaidi. Tumbawe halina macho. Hula kwa kugusa na kuonja. Mwaka 2015 wataalamu wa Australia waliyaweka matumbawe ya Great Barrier Reef pamoja na chembe za plastiki, wakaona matumbawe yakizila kwa kasi iliyokaribia ile ya chakula chao cha desturi, na chembe zikabaki zimekwama matumboni. Miaka miwili baadaye, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walilipa tumbawe mchanga na plastiki. Mchanga lilikuwa likiutema, na plastiki likaimeza. Zaidi ya hayo, lilipendelea plastiki safi kuliko ile iliyokwisha kuota vijidudu. Wakaona ya kuwa huenda katika dawa zitiwazo plastiki kiwandani mna kitu chenye ladha ya chakula kwa mnyama huyu. Basi mtu asiseme, "Chupa yangu ilikuwa safi." Usafi huo haulifai tumbawe.

Kasa naye adanganyika kwa njia nyingine. Wengi wamesikia ya kuwa hudhani mfuko ni yavuyavu, yaani kile kiumbe kama ute kielecho majini. Ni kweli, lakini si kwa macho peke yake. Mwaka 2020 ilitolewa khabari ya majaribio yaliyoonyesha ya kuwa plastiki iliyokaa baharini ikaota mwani hunuka kwa kasa kama chakula, naye huitika kwa harufu hiyo kama aitikavyo kwa harufu ya samaki. Waliochunguza kasa waliokufa huko Australia walipiga hesabu, mwaka 2018, ya kuwa kasa aliyemeza vipande 14 ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kufa kwa sababu hiyo. Watamu pana kituo kinachouguza kasa, na katika wagonjwa waletwao wamo wanaoelea, hawawezi kupiga mbizi, kwa sababu ya hewa iliyozuiliwa tumboni. Kasa asiyeweza kuzama hapati chakula, na jua humbabua mgongo, na mashua humgonga.

Tusiache kutaja nyavu, ijapokuwa ni zito kulisema, kwa kuwa wavuvi ndio wa kwanza kudhulumiwa na taka hizi. Wavu wa pamba wa zamani ukipotea ulioza. Wavu wa nailoni ukinasa mwambani huendelea kuvua bila ya mwenyewe. Hunasa changu, changu akifa huwa chambo cha mkunga, mkunga akija naye hunaswa, na samaki hao hawaendi sokoni wala hawaliwi na mtu. Na kila wimbi lipitalo, wavu huvuta matumbawe yaliyoushika, yakavunjika. Kuna wavuvi wauonao mkasa huu kila siku wakauchukulia kuwa ni bahati mbaya tu. Lakini wavu uliochakaa ukarudishwa pwani ni bahati njema ya samaki wa mwakani, na kazi ya kuurudisha ni ya nusu saa.

Mtu aweza kuuliza: Je, taka hizi si za kigeni, zaletwa na mikondo ya bahari? Jawabu yake ni kuwa zimo za kigeni. Chupa zilizochunguzwa katika fukwe za Kenya, na khabari yake ikatolewa mwaka 2020, zilionyesha ya kuwa katika fukwe zilizo mbali na miji nyingi zilitoka Asia ya Kusini-Mashariki, khasa Indonesia. Lakini katika fukwe za mijini, chupa zilikuwa aghlabu ni za humu humu nchini. Hili halihitaji mtaalamu. Kila mmoja na ashuke pwani ya mtaa wake, aokote chupa kumi, asome maandishi yaliyo juu yake.

Mwingine husema: Serikali imekwisha kukataza, basi ya nini maneno? Ni kweli tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kuchukulia bidhaa imepigwa marufuku katika Kenya, na faini yake yaweza kufika shilingi milioni 4, au kifungo cha miaka 4. Na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimekatazwa katika hifadhi za taifa na fukwe zake. Na katika hifadhi hizo zimo za bahari, kama Malindi na Watamu zilizowekwa mwaka 1968. Sheria hizi zimeleta faida iliyo dhahiri, na mwenye kukumbuka miti ya njiani ilivyokuwa ikining'inia mifuko hawezi kulikana jambo hili. Walakini mfuko si plastiki yote. Imebaki chupa na kifuniko chake, sahani na vijiko vya karamu, vifurushi vya vitamutamu vya watoto, ndara. Na mfuko wenyewe haujakoma kupita kwa magendo. Muuzaji huutoa chini ya meza, na mnunuzi, ambaye ni mimi na wewe, huupokea.

Wa tatu, naye ndiye mwenye hoja ya kutuzuia hapa kidogo, husema ya kuwa mwamba wauawa na joto, na kwamba plastiki ni jambo dogo mbele yake. Hoja hii ni ya kweli. Maji yakizidi moto, ule ushirika wa mnyama na vimea huvunjika. Vimea hutoka, tumbawe likawa jeupe, na joto lisipopoa upesi lafa. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ilikufa kwa njia hiyo. Mwezi wa Aprili 2024 wataalamu wa dunia walitangaza ya kuwa weupe huo ulikuwa umeenea tena katika bahari zote, nayo ilikuwa mara ya nne kuandikwa. Joto hilo halikuanzia Mombasa wala halitakwisha kwa amri ya Mombasa. Lakini tumbawe lililochoshwa na joto ni mgonjwa, na hapana mwenye akili amwonaye mgonjwa amelala akamwongezea jeraha kwa kuwa jeraha ni dogo kuliko homa. Tena katika mashaka yote ya mwamba, hili ni moja tuwezalo kulipunguza sisi wenyewe, katika mitaa yetu, bila ya kungoja mkutano wa mataifa.

Lamu wamelitazama jambo hili kwa njia yao. Fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake waliunda chombo cha tanga chenye urefu wa mita 9 kwa plastiki iliyookotwa, wakakivika ngozi ya rangi rangi ya ndara zipatazo 30,000 zilizopatikana fukweni, wakakishusha majini mwaka 2018. Mwaka 2019 kilisafiri kutoka Lamu hata Unguja, kikipita bandari kwa bandari watu wakashuka kukitazama. Chombo kimoja hakimalizi taka za bahari, wala waundaji wake hawakudai hivyo. Lakini ndara 30,000 zilizookotwa zilikuwa za watu, na kila moja ilivuliwa na mguu.

Katika karamu zetu, na katika futari za misikitini, chupa ndogo za maji zimekuwa desturi. Mtu hunywa nusu akaiacha, na baada ya Sala hukusanywa magunia kwa magunia. Zamani palikuwa na mtungi na kata, baadaye birika na bilauri, wala hatukusikia mtu aliyeondoka na kiu. Wenye kuandaa karamu wanaweza kulirejesha jambo hili mwezi huu bila ya gharama yoyote, na pengine wakabakiwa na fedha.

Lililobaki ni mitaro. Masika huingia baina ya Machi na Aprili. Mtaa usafishao mitaro yake mwezi wa Februari, na taka zikachukuliwa zisiachwe kando ya mtaro kama ifanywavyo, huwa umezizuia taka za miezi mingi. Mtaa ungojao hata Mei hauna la kusafisha. Mvua imekwisha kuusafishia, na vilivyokuwamo viko mwambani.